Kumtafuta babu kwenye mafaili ya NFD

Nimekuwa kimya hapa kwa miezi mingi, na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika programu nikaenda kuchunga ngamia. Mmekaribia kupatia. Nimekuwa nikipanda basi kati ya Nairobi, Garissa na Dadaab, nikifungua madaftari yaliyoliwa na mchwa na kutafuta majina ya watu waliokwisha kufa. Leo basi sina habari ya simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Nina habari ya familia yangu na makaratasi. Kompyuta nayo itaingia humo kati, msiwe na wasiwasi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa Dadaab. Kila nikisema hivyo Nairobi naulizwa, "Kambi gani?" Hakuna kambi. Dadaab ni mji mdogo wenye vumbi jingi, kama kilomita 100 kutoka Garissa kwenye barabara ya kuelekea Liboi, na ulikuwapo kabla mkimbizi wa kwanza hajafika. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka huko Somalia Januari 1991 watu walivuka mpaka, kambi ya Ifo ikafunguliwa mwaka huohuo, kisha Dagahaley na Hagadera zikafuata 1992. Zote tatu zilipangwa kwa watu 90,000. Ukame wa 2011 ulipofika, idadi ilikuwa imepita 460,000. Sisi wenyeji tukawa wachache kwetu wenyewe, na jina la mji wetu likageuka kuwa jina la kambi.

Mkasa wetu umeanzia kwenye ukame huohuo. Baba alikuwa na ng'ombe. Mvua ilipokosa msimu wa pili walianza kuanguka mmoja mmoja, na mwezi wa Julai hakuna aliyekuwa amebaki wa kukamuliwa. Ng'ambo ya barabara, kambini, kulikuwa na unga, mafuta na mbaazi kwa kila mwenye kadi. Mama alikuwa na rafiki yake Ifo, mkimbizi wa miaka mingi, waliyekuwa wakiuziana maziwa. Wakakubaliana. Dada yangu mdogo, mwenye miaka minane, akapelekwa kuandikishwa kama mtoto wa familia ile. Kichwa kimoja zaidi kwenye kadi ni kilo kadhaa zaidi za unga, na sehemu yake ilikuwa ikija kwetu. Akapigwa picha, vidole vikachukuliwa alama, akarudi nyumbani akacheza. Sikumlaumu mama wakati ule na simlaumu leo. Unga ule nimeula.

Mwaka 2021 dada alitimiza miaka 18 akaenda kuomba kitambulisho. Alama za vidole zilipolinganishwa, jibu lilikuwa fupi: wewe ni mkimbizi. Wakenya wenzangu mnajua maisha bila kitambulisho. Laini ya simu unasajiliwa na mtu mwingine, benki huingii, na kwa mtu wa kwetu hata basi la Nairobi ni shida, maana vizuizi vya barabarani havina simile. Alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Nafasi ikampita.

Wala hayuko peke yake. Wakenya walio kwenye hali hii kaskazini mashariki wamekadiriwa kuwa kama 40,000. Januari 2025 Mahakama Kuu mjini Garissa, kwenye kesi iliyopelekwa na shirika la Haki na Sheria, iliamuru majina ya Wakenya hawa yatolewe kwenye sajili ya wakimbizi. Mwezi uliofuata Rais Ruto akatia saini akiwa Wajir tangazo la kufuta ule mchujo wa ziada ambao watu wa kaunti za mpakani wamekuwa wakipitishwa kabla ya kupewa kitambulisho. Nyumbani tulishangilia. Kisha awowe, yaani babu yetu, akatunyamazisha.

"Awowe," akaniambia (kwetu babu humwita mjukuu kwa jina hilohilo analoitwa yeye), "mahakama imesema atolewe. Lakini atakayemtoa ni karani, na karani anataka karatasi. Wewe si ndiye uliyesomea kompyuta? Zitafute."

Nikadhani ni kazi ya wikendi moja.

Fikiria swali lenyewe kama mtu wa programu. Kifungu cha 14 cha Katiba ya 2010 kinasema ni raia wa kuzaliwa mtu ambaye siku alipozaliwa mama au baba yake alikuwa raia. Kwa hiyo ili kumthibitisha dada lazima nimthibitishe baba, na baba naye akiulizwa atathibitishwa na babu. Ni ngazi ya kurudi nyuma. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa kwamba ngazi ya namna hiyo lazima iwe na mahali pa kukoma, la sivyo programu itazunguka mpaka kumbukumbu ya mashine iishe. Kwa familia nyingi za Kenya mahali pa kukoma papo. Mwenzangu kazini ni mtu wa Murang'a. Yeye alimpata babu mzaa babu yake kwa siku mbili tu. Kulikuwa na daftari la ubatizo la kanisa, kulikuwa na namba ya shamba iliyotokana na ugawaji wa ardhi wa miaka ya 1950, na mzee alipofariki tangazo la mirathi lilichapishwa katika Gazeti la Serikali, ambalo matoleo yake mengi ya zamani yanapatikana bure kwenye mtandao. Hata kile kipande cha ukoloni, kilichotungiwa sheria mwaka 1915 na kuanza kuvalishwa watu shingoni mwaka 1920, ambacho wazee wa kwao walikichukia kama mnyororo, kwa mjukuu wake leo ni hazina.

Kwetu sisi hakuna hata kimoja. Hakuna kanisa. Hakuna shamba lenye namba, maana ardhi ya malisho ilikuwa ya jamii nzima chini ya halmashauri, na sheria ya ardhi ya jamii imekuja 2016. Mzee wetu hakuvaa kipande. Kuandikisha uzazi na vifo kulifanywa lazima nchi nzima mwaka 1971, na ninaposema nchi nzima ninamaanisha kwenye karatasi, maana mtoto aliyezaliwa malishoni, siku tatu kutoka kwenye ofisi, nani angemwandika? Wanawake hawakutakiwa kuwa na kitambulisho hadi sheria iliporekebishwa 1978, kwa hiyo kabla ya hapo ayeyo, bibi yetu, kwa macho ya serikali hakuwapo. Hata sensa imetukwepa: ile ya 2009, matokeo ya wilaya nane za kaskazini yalifutwa na serikali mwaka uliofuata kwa madai kwamba namba zilizidi kiasi, na Lagdera, wilaya yetu ya wakati huo, ilikuwa mojawapo.

Hii haikutokea kwa bahati mbaya. Sehemu yote hii Waingereza waliiita NFD, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na tangu sheria ya 1902 ya wilaya za pembeni walikuwa na uwezo wa kuifunga. Mwaka 1926 wakaifunga kabisa, na mwaka 1934 wakaiongezea sheria nyingine ya wilaya maalumu. Mgeni hakuingia bila pasi na mwenyeji hakutoka bila pasi. Shughuli ya ofisa wa wilaya ilikuwa kuhakikisha ukoo huu hauvuki mstari huu na wanyama wake, na kisima hiki hakinyweshi watu wa kule. Aliandika kila siku, tena kwa bidii. Lakini alichoandika ni visima, mvua, ngamia, bunduki na ugomvi. Mtu aliingia kwenye karatasi akiwa tu chifu anayelipwa mshahara, au akiwa amekosea.

Hilo nililigundua kwenye jumba la Nyaraka za Kitaifa, Nairobi, lile ambalo kila mtu mjini huahidiana miadi kwa kusema "tukutane Archives". Watu maelfu husimama nje yake kila siku kungojea rafiki, na nadhani mmoja katika elfu amewahi kupanda ngazi. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale 999. Idara yenyewe iliundwa kwa sheria ya 1965, na jengo zamani lilikuwa benki. Unalipa ada, unapewa kadi, unaagiza faili kwa namba. Kanuni ya kawaida ni kwamba faili la serikali hufunguliwa kwa umma likishatimiza miaka 30. Mafaili ya kwetu yako chini ya herufi PC/NFD, yaani ofisi ya mkuu wa jimbo. Humo mna ripoti za kila mwaka, ripoti za kijasusi za kila mwezi, na kitu kimoja nilichokipenda kuliko vyote: ripoti za makabidhiano. Ofisa anayehama anamwandikia anayekuja. Anamweleza kisima gani kina maji machungu, mzee gani ni mwaminifu, mzee gani atakuomba sukari, barabara gani hupitiki wakati wa mvua. Ukisoma ripoti hizo za Bura, ambako ofisi ya wilaya ilikaa kabla ya kuhamia Garissa, unamsikia kijana wa Kiingereza wa umri wangu, mpweke, ana joto, anaandika kana kwamba anajua kila kitu. Wakati mwingine nilimwonea huruma. Halafu ninafika kwenye ukurasa wa faini, huruma inakwisha.

Siku nne nilichapa majina kwenye laptop mpaka yakapita elfu moja. Halafu nikafanya nilichosomea. Nikaandika programu ya kutafuta mzee wetu.

Mzee mwenyewe ni baba yake awowe. Nitamwita kwa lakabu yake, Guray, maana yake mtu wa mkono wa kushoto. Kwetu lakabu ni muhimu kuliko jina, kwa sababu majina ni machache. Ukipaza sauti "Mohamed" sokoni Garissa nusu ya soko litageuka. Ukisema Mohamed mrefu, Mohamed mwenye jino, Mohamed wa mkono wa kushoto, atageuka mmoja. Nikafikiri basi Guray ni ufunguo mzuri. Nikaiambia programu isijali tahajia, Guray, Gurey, Gure, Gurreh, yote ni sawa, nikabonyeza. Ikanitolea mzee wangu kwenye karibu kila ukurasa! Guray yuko Mandera, Guray anapigana na Degodia, Guray ana wilaya nzima kwa jina lake. Kwa dakika kumi nilikuwa kitukuu cha mfalme.

Kumbe "Gurreh" ndivyo Waingereza walivyoandika jina la Wagarre, watu wa Mandera. Nilimsimulia awowe kwa simu, akacheka mpaka akakohoa.

Tatizo la majina nataka nilieleze kidogo, kwa sababu ndiyo moyo wa kazi hii, na pia ni onyo kwa wenzangu mnaoandika mifumo ya serikali na mashirika. Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, huko Somalia. Humo herufi x ni ile "ح" ya Kiarabu, na c ni "ع". Aliyesomea ng'ambo ya mpaka ataandika Axmed, Xasan, Cabdi, Cumar. Sisi tuliosomea Kenya tunaandika Ahmed, Hassan, Abdi, Omar. Ofisa wa 1930 aliandika alivyosikia, na kila ofisa alikuwa na masikio yake. Sasa chukua ile kanuni maarufu ya kulinganisha majina kwa sauti iitwayo Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918. Ahmed inapata A530. Axmed inapata A253. Hassan ni H250 na Xasan ni X250. Kwa kanuni hiyo hawa ni watu tofauti kabisa, na kumbe ni mtu mmoja aliyevuka barabara. Ile hesabu ya Levenshtein ya 1965, inayohesabu herufi ngapi zibadilishwe ili neno moja liwe jingine, inafanya vizuri zaidi kidogo, lakini nayo inaona Cali na Cabdi ni jamaa wa karibu sawasawa na Cumar na Omar. Nikaziacha zote mbili nikatunga kanuni zangu mwenyewe: x iwe h, c ianguke, dh iwe d, q na k na g zihesabiwe ndugu, irabu mbili ziwe moja. Mistari arobaini tu ya Python. Imefanya kazi kuliko vyote nilivyovijaribu vya bure.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Programu za nasaba karibu zote ulimwenguni husoma mtindo wa faili uitwao GEDCOM, uliotengenezwa miaka ya 1980 na kanisa la Wamormoni kule Marekani. GEDCOM hutaka jina la ukoo liwekwe kati ya mikwaju miwili. Sisi hatuna jina la ukoo kwa maana hiyo. Jina langu, la baba, la babu, basi, na mwanangu atalisukuma la babu nje. Watu wa Iceland ndio walio kama sisi, nao pia huitwa kwa jina la mzazi. Wao wamejitengenezea hifadhidata yao ya taifa zima, Íslendingabók, iliyofunguliwa kwa wananchi kwenye mtandao mwaka 2003, na mmoja wa waanzilishi wake, Friðrik Skúlason, ni mwandishi wa programu. Niliposoma habari zake nilikaa kimya nikiwaza. Ila wao walikuwa na mapadri na makarani walioandika kwa karne kadhaa. Sisi tulikuwa na nini?

Tulikuwa na abtirsi. Kila mtoto wa kwetu hufundishwa kuhesabu baba zake, huyu mwana wa huyu mwana wa huyu, mpaka kumi, ishirini na zaidi. Mimi nilifundishwa na ayeyo nikiwa nachunga mbuzi, na nikikosea kituo narudishwa mwanzo. Utotoni niliona adhabu. Niliporudi Dadaab na laptop nikamwomba awowe anitajie tena, nami nikachapa. Halafu nikaenda kwa mzee mwingine Hagarbul, wa tawi jingine, ambaye hajaonana na awowe kwa miaka, naye akataja yake. Majina ya chini yalitofautiana, kama inavyopaswa. Kwenye baba wa nane yakakutana, na kutoka hapo kwenda juu hapakuwa na hitilafu hata moja. Mnaotumia Git mtanielewa haraka: kila mtu amebeba nakala kamili ya historia kichwani mwake, na wawili wakikutana wanatafuta babu wa pamoja ndipo wajue wana uhusiano gani. Na nakala ni nyingi mno hata mtu mmoja akidanganya atagunduliwa.

Kuna faida nyingine ambayo watafiti wa nasaba wa Ulaya wangetuonea wivu. Mwanamke wa Kisomali habadili jina akiolewa. Ayeyo ameolewa zaidi ya miaka sitini na bado anaitwa kwa jina la baba yake na babu yake. Kule Uingereza bibi akiolewa anapotea kwenye madaftari, uanze kuwinda cheti cha ndoa. Kwetu ukipata jina la mama, umepata ukoo mzima wa upande wa mama.

Kwa abtirsi mkononi, nikarudi Nairobi nikaendesha programu upya, safari hii nikitafuta majina matatu yanayofuatana, siyo lakabu peke yake. Matokeo yakawa mstari mmoja tu. Orodha ya faini, miaka ya 1930: watu walionyweshea wanyama kisima kisicho chao, kila mmoja na ngamia aliotozwa. Mzee wetu alitozwa wawili. Jina lake limeharibiwa, la baba yake limerukwa na mahali pake limewekwa la babu, lakini lakabu iko, ukoo uko, na kisima ni kile awowe alichokuwa akinitajia.

Nikampigia. Nikamwambia nimempata baba yako, ametozwa ngamia wawili. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Sisi tuliambiwa aliwatoa kama zawadi ya harusi."

Sasa nikubali jambo moja. Karani hakuhitaji ukurasa ule. Niliupeleka kwa majivuno, umenakiliwa na kupigwa muhuri, akautazama kama mtu anayetazama picha ya harusi ya watu asiowajua, akanirudishia. Ofisi haina kisanduku cha ngamia wa miaka ya 1930. Nilichohitajika kuleta kilikuwa nyumbani muda wote.

Cha kwanza kilikuwa kwenye sanduku la bati la ayeyo, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kitambaa, ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Kadi ya waridi. Vijana wengi hawaijui habari hii, kwa hiyo nieleze. Novemba 1989 serikali ya Rais Moi iliamuru Wasomali wote wa Kenya waliokuwa watu wazima wachujwe. Watu waliokuwa na vitambulisho halali, walimu, askari, madereva, walipanga foleni wakahojiwa na kamati kuhusu ukoo wao, tawi, chifu, mahali pa kuzaliwa. Aliyepita alipewa kadi ya waridi ya kutembea nayo juu ya kitambulisho chake. Baadhi ya walioshindwa walifukuzwa nchini. Hakuna kabila jingine lililofanyiwa hivyo. Awowe hajawahi kuizungumzia siku ile. Ayeyo ndiye aliyeniambia kwamba alirudi nyumbani, akaitupa kadi chini, na yeye akaiokota akaificha.

Na sasa angalieni. Kadi hiyo ya kudhalilisha ndiyo karatasi pekee ya serikali iliyowahi kumuuliza babu yangu yeye ni nani na kuandika jibu kwa ukamilifu. Ina jina, ina ukoo na tawi lake, ina lokesheni, ina tarehe: miaka miwili kabla kambi ya kwanza haijafunguliwa. Hakuna mtu anayeweza kusema aliyepewa kadi ile alikuja kufuata unga wa Ifo.

Cha pili kilikuwa kwenye shule ya msingi aliyosomea dada. Mwalimu mkuu alinitolea daftari la kuandikisha wanafunzi, kubwa kama meza ya kahawa, gamba limetoka. Tukaenda mwaka 2010, mwezi wa Januari. Jina lake liko pale kwa kalamu ya buluu, jina la baba, kijiji, namba ya kuingia. Mwaka mmoja na nusu kabla ya kuandikishwa kambini. Mwalimu aliyeliandika alishahama, na sidhani kama alifikiri hata kidogo kwamba anaandika kitu cha maana. Nilipiga picha ukurasa ule mara saba kwa hofu kwamba simu itaanguka.

Kuna kitu ambacho hakijaniacha tangu siku hiyo. Sajili iliyotunzwa vizuri kuliko zote kaskazini mashariki ni ile ya wakimbizi. Ina picha, ina vidole, ina ukubwa wa familia, ina nakala. Tangu Oktoba 2013 huko Dadaab hata chakula kilitolewa kwa kuhakiki vidole. Kwa mtu wa programu ni kazi safi, sioni cha kukosoa. Na humo ndani dada yangu ana baba mwingine. Karani hawezi kuhisi uzito wa hilo, lakini mwulize awowe. Unga aliusamehe siku ileile. Kinachomuuma ni kwamba katika kitabu kisichoharibika mjukuu wake ametajwa kuwa binti wa mtu asiye mwanawe, na mtu akimhesabia baba zake kwa kitabu kile ataingia ukoo mwingine. Kwenye mistari ya hifadhidata ni safu moja ya kubadilisha. Ningeweza kumwandikia amri yenyewe, ni mstari mmoja wa SQL. Nimeiandika usiku mmoja kwa hasira nikaifuta.

Tumepeleka faili. Lina kadi ya 1989, ukurasa wa shule, kitambulisho cha baba, barua ya chifu, nakala ya uamuzi wa mahakama, na, kwa ukaidi wa awowe, karatasi moja ya abtirsi iliyochapwa na mimi, majina ishirini na mawili. Karani aliuliza hiyo ni ya nini. Awowe akamjibu, "Isome tu." Karani naye ni mtu wa huku. Akaisoma kimya, kidole kikishuka, akafika mahali akasimama, akainua macho akamwuliza awowe swali kwa Kisomali kuhusu ajuza mmoja wa Liboi. Wakaongea robo saa, mimi na dada tumekaa. Karatasi ile hakuturudishia.

Hadi ninapoandika haya jibu halijatoka. Tumeambiwa tusubiri ujumbe wa simu, ambao utakuja kwenye namba yangu kwa sababu yeye hana laini yake.

Kama nyumbani kwenu kuna kadi ya waridi, ipigeni picha pande zote mbili leo, maana wino wa nyuma ndio unaofutika kwanza. Wanaotaka zile kanuni za majina waniandikie, nitawatumia bure, ila mziboreshe na mnirudishie.

Dada anasoma hii nyuma ya bega langu. Anasema nimekosea pale juu: mwezi wa Julai 2011 alikuwa bado na miaka saba. Nimeacha kosa lilivyo, marekebisho ni haya.